Sura ya Sita: Anzia Dirishani

Vitalu vya miche vya Marekani ya kaskazini na Kanada hujaa watu mwezi wa Aprili na Mei. Theluji imeyeyuka, udongo umelegea, na kila mwenye uwanja ana hamu ya kupanda. Huo ndio wakati wengi wanaponunua mti wa kuwapa rangi majira ya majani kupukutika, na ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuununua, kwa sababu mwezi wa Mei karibu kila mti ni wa kijani. Mnunuzi husoma kibandiko, hutazama picha iliyopigwa mahali pengine penye udongo mwingine, hulipa na kupanda. Miaka mitatu baadaye anagundua kwamba mti wake hupita moja kwa moja kutoka kijani hadi kahawia, kisha unajivua majani. Angeuona kitaluni wiki ya pili ya Oktoba, asingehitaji picha wala ahadi ya muuzaji.

Sura hii imeandikwa kwa ajili ya msomaji aliyejikuta kwenye nchi ya misimu minne: aliyetoka Bujumbura akaishia Maine, aliyetoka Mombasa akaishia Toronto, aliyetoka Zanzibar akaishia Milton Keynes, na sasa kwa mara ya kwanza ana nyumba yenye kipande cha ardhi. Shauri langu kuu ni kwamba asianze na mti. Aanze na dirisha, kisha udongo, kisha baridi ya mahali alipo. Akishamaliza hayo, orodha ya miti inayomfaa itakuwa imejipunguza yenyewe, na rangi itafuata. Mti uliokaa mahali pake hung'aa. Mti huohuo ukiwekwa pasipo pake utaishi kwa manung'uniko na kumaliza mwaka bila rangi ya maana.

Rangi inakotoka

Jani la kijani lina zaidi ya kijani ndani yake. Lina klorofili, inayonasa mwanga wa jua ili mti upate kutengeneza sukari, na lina karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa zilizomo pia kwenye karoti, mahindi ya njano na kiini cha yai. Kiangazi chote klorofili ni nyingi mno kiasi cha kuzifunika hizo nyingine. Mchana unapoanza kufupika, mti huacha kutengeneza klorofili mpya, huivunja iliyopo, na kurudisha naitrojeni na fosforasi kwenye matawi na shina kwa matumizi ya mwaka ujao. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwamo tangu jani lichipue huonekana.

Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutokana na anthosiani, ambayo kwa miti mingi haikuwamo kiangazi. Mti huitengeneza siku za mwisho kwa kutumia sukari iliyobaki ndani ya jani, na kazi hiyo inahitaji mwanga mwingi. Ndiyo maana mwaka wenye michana ya jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta wekundu mkali, ilhali mwaka wa mawingu na usiku wa joto huleta wekundu uliofifia. Baridi kali ikija mapema, huyaua majani kabla kazi haijaisha.

Hapo mnunuzi anapata mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, njano ni ya kuaminika na nyekundu ni ya bahati. Anayetaka uhakika kila mwaka apande walau mti mmoja wa njano. Pili, mti mwekundu uwekwe kwenye jua. Kuna watu wanaolalamika kwamba mti wao uliosifiwa kwa wekundu hutoa njano tu, na ukienda kuutazama unakuta umepandwa kivulini, nyuma ya gereji.

Anthosiani si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Mkungu wa Pwani hugeuza majani yake makubwa kuwa mekundu na ya chungwa kabla ya kuyaangusha wakati wa ukavu. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma hufanya kinyume chake: Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijafika, majani machanga hutoka yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba, na kijani huja baadaye. Kule Vermont, Marekani, rangi ni ya jani linaloondoka, huku kwenye miombo ni ya jani linalozaliwa, na watafiti wengi huieleza kwa sababu ileile: jani ambalo mitambo yake ya kutumia mwanga haijakamilika, au imeanza kubomolewa, linahitaji kinga dhidi ya jua. Kwa hiyo aliye Dar es Salaam asisumbuke kuagiza miche kutoka Japani. Mimepo ya huko, miti nitakayoieleza hapa chini, inahitaji majira ya baridi ya kulala, na ikiyakosa hudhoofika. Mkungu wake unamtosha.

Dirisha kwanza

Mjini Yasugi, mkoa wa Shimane, Japani, kuna Jumba la Sanaa la Adachi, lililofunguliwa mwaka 1970. Bustani yake inajulikana duniani kote, lakini mgeni hapewi ruhusa ya kutembea ndani yake. Huitazama kupitia madirisha, na madirisha hayo yamepangwa ili kila moja liwe fremu na bustani iwe picha. Mwanzilishi wake, Adachi Zenko, aliiona bustani kuwa ni mchoro wenyewe. Si lazima uwe na mali ya jumba hilo ili kuiga fikra yake. Oktoba na Novemba katika nchi za baridi watu hukaa ndani. Mti ambao utaufurahia zaidi ni ule unaouona ukiwa umeketi na kikombe chako, wala si ule unaowapendeza wapita njia.

Basi kaa kwenye kiti unachokalia kila siku. Mtume mtu uwanjani na ufito mrefu, asimame huku na huku mpaka ufito uonekane mahali panapopendeza dirishani, halafu chomekeni kijiti hapo. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Jambo linalofuata ni jua. Aliyezoea jua la Dar es Salaam, ambalo saa sita mchana katikati ya Oktoba liko karibu utosini, hushangaa jinsi jua la kaskazini linavyotembea chini. Siku hizohizo, kwenye latitudo ya Vermont na Maine, jua la saa sita halifiki hata nusu ya njia ya kupanda angani, na liko upande wa kusini. Maana yake ni kwamba mti uliopandwa kusini au magharibi mwa dirisha utaangaziwa kutoka nyuma, mwanga ukipenya kwenye majani kabla ya kukufikia. Jani jekundu au la njano linalopenyezwa mwanga huwa na uhai ambao jani linalomulikwa kwa mbele halina. Tena mti unaopukutisha ukiwa upande huo hukupa faida ya pili: kivuli wakati wa kiangazi, na baada ya majani kuanguka, jua la baridi huingia sebuleni.

Tazama pia kitakachokuwa nyuma ya mti. Nyekundu mbele ya ukuta wa matofali mekundu hupotea. Nyekundu mbele ya misonobari au ua wa kijani kizito huruka mbele. Wapandaji wa Westonbirt, bustani ya miti iliyoanzishwa na Robert Holford huko Gloucestershire, Uingereza, mwaka 1829, walilijua hilo, na hadi leo mimepo yake hupendeza zaidi pale inapotanguliwa au kuzungukwa na miti ya kijani cha kudumu. Kama nyuma ya kijiti chako kuna uzio wa mbao wa kijivu, njano na chungwa zitafaa kuliko nyekundu iliyokolea.

Mwisho, angalia juu na chini. Nyaya za umeme zikipita hapo, mti mrefu utakuja kukatwakatwa vibaya na watu wa shirika la umeme. Kabla ya kuchimba, Marekani piga simu namba 811, watakuja bila malipo kuweka alama palipopita mabomba na nyaya za chini ya ardhi. Mti mdogo ukae mita tatu au nne kutoka ukutani. Mkubwa usikaribie chini ya mita sita, na nane ni bora.

Miti yenyewe

Mmepo, ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada tangu mwaka 1965, ndio unaotajwa kwanza kila mara. Tatizo ni kwamba jina hilo linabeba miti mingi isiyofanana. Mmepo wa sukari, Acer saccharum, ndio unaowaka chungwa na dhahabu kwenye vilima vya Vermont, na ndio unaotoa utomvu wa kupikia shira: lita 40 hivi za utomvu kwa lita moja ya shira. Ni mti mkubwa, wa uwanja mpana, unaochukia udongo ulioshindiliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ukiupanda kando ya njia ya gari mjini, kingo za majani zitaungua kabla ya Oktoba. Mpe nafasi hiyo aliye na shamba.

Mmepo mwekundu, Acer rubrum, huvumilia zaidi, hata kwenye bonde lenye maji. Lakini jina lake lisikudanganye: miche iliyoota kwa mbegu huweza kutoa nyekundu, chungwa au njano, na hakuna anayejua mpaka ikue. Mwenye miembe analielewa jambo hili. Atakaye dodo hapandi kokwa na kuomba Mungu; hununua mche uliobebeshwa. Vivyo hivyo hapa, nunua mche wenye jina la aina yake, kama 'October Glory' au 'Red Sunset', ambao umezalishwa kwa vipandikizi au kwa kubebesha kutoka mti mmoja ambao rangi yake inajulikana. Pia pima udongo. Penye chokaa nyingi, mmepo mwekundu hushindwa kupata madini ya manganizi, majani yake hupauka kiangazi na kufika Oktoba yakiwa hoi.

Kwa udongo wa namna hiyo wauzaji hupendekeza chotara wa mmepo mwekundu na mmepo wa fedha, hasa 'Autumn Blaze', uliotokea Ohio. Unakua upesi na wekundu wake ni wa kweli. Hasara yake ni kwamba umepandwa kila mtaa, na usipopogolewa vizuri ukiwa mdogo, matawi yake hupasuka kwenye dhoruba. Chagua wenye shina kuu moja, si mashina mawili yanayoshindana.

Kwa uwanja mdogo, mmepo wa Japani, Acer palmatum, hauna mpinzani. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Peter Thunberg, aliueleza kwa jina hilo mwaka 1784 baada ya kuishi Japani, na Wajapani walikuwa wameuchagulia aina nyingi kabla ya hapo. Aina ya 'Osakazuki' ni ya kijani kiangazi chote, kisha hugeuka nyekundu ambayo wapenzi wengi wa miti huiona kuwa kali kuliko zote. Aina ya 'Bloodgood', ambayo ni ya zambarau iliyokolea tangu majani yachipue, huuzwa sana, lakini fikiri kidogo: mti ambao ni mwekundu miezi sita hauna mshangao mkubwa wa kukupa mwezi wa saba. 'Sango-kaku' hutoa njano, na majani yakianguka hubakiza vijiti vya rangi ya marijani juu ya theluji. Yote hii huhitaji kukingwa na upepo, na haistahimili baridi ya kupindukia.

Hapo ndipo ramani inapohitajika. Idara ya Kilimo ya Marekani imegawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata baridi kali zaidi ya kawaida ya kila mwaka, na toleo la sasa ni la mwaka 2023. Ingiza namba yako ya posta, utaijua kanda yako. Mmepo wa Japani huanza kuaminika kanda ya 5. Aliye kanda ya 4, kama sehemu nyingi za Minnesota, atafute jamaa yake wa Korea, Acer pseudosieboldianum, unaofanana nao kwa jani na kwa rangi na unaovumilia baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi.

Kwa njano hakuna kinachoushinda mginko, Ginkgo biloba, wenye majani ya umbo la upepeo. Ukoo wake ulikuwapo tangu enzi za dinosaria, na miginko kadhaa ya Hiroshima ilichipua tena baada ya bomu la mwaka 1945. Hewa chafu ya mjini haiutishi. Hugeuka dhahabu wote kwa pamoja, na baridi ya kwanza kali ikipiga, huweza kuangusha karibu majani yote ndani ya siku moja, ukapata zulia uwanjani na kazi ya ufagio mara moja tu. Lakini miginko ina dume na jike, na mbegu za jike zikianguka hunuka kama matapishi. Mche wa mbegu huchukua miaka 20 au zaidi kabla hujajua jinsia yake. Usibahatishe: nunua dume lililobebeshwa, kama 'Autumn Gold' au 'Princeton Sentry'.

Mtupelo, Nyssa sylvatica, ni mti wa Marekani ya mashariki usiojulikana inavyostahili. Huanza kubadilika mapema kuliko majirani zake, na jani moja huweza kuwa na nyekundu, chungwa na zambarau pamoja. Huko Sussex, Uingereza, Arthur Soames aliipanda kwa wingi kwenye bustani ya Sheffield Park mwanzoni mwa karne ya 20, na watu bado wanasafiri kwenda kuitazama ikijirudia kwenye maziwa. Una mzizi mkuu unaokwenda chini na hauvumilii kuhamishwa, hivyo nunua mche mdogo kwenye chungu, si mti mkubwa uliong'olewa shambani.

Parotia, Parrotia persica, hutoka misitu ya kaskazini mwa Irani karibu na bahari ya Kaspi. Jina lake linamkumbuka Friedrich Parrot, aliyepanda mlima Ararat mwaka 1829. Jani lake hupita njano, chungwa na nyekundu kwa zamu, gome lake hubanduka kwa mabaka, na mwisho wa majira ya baridi hutoa vijiua vyekundu kabla ya jani lolote. Mkatsura wa Japani una zawadi ya pua: majani yake yanayokauka hunukia sukari inayoungua sufuriani. Huo unataka maji, na ukame wa Agosti humaliza majani yake kabla ya wakati.

Kama una nafasi ya mti mmoja tu na huna hakika na udongo wako, napendekeza amelankia, hasa aina ya 'Autumn Brilliance'. Haizidi sana mita saba. Hutoa maua meupe mwanzo wa msimu wa kuchipua, na mwezi wa Juni huzaa matunda madogo ya zambarau yanayolika, ukiwahi kabla ya ndege. Oktoba huwa chungwa na nyekundu. Ni mti unaofanya kazi mwaka mzima, na ndicho kipimo ninachopenda kukitumia kwa mti wowote: rangi hudumu wiki mbili au tatu, lakini mti uko dirishani wiki zote 52.

Miti ya kuikataa

Mwaka 1963 Idara ya Kilimo ya Marekani iliwaletea watu mpea wa mapambo kutoka Asia, aina ya 'Bradford'. Ulikua upesi, ulichanua weupe mtupu, na mwezi wa Novemba ulikuwa mwekundu wa divai wakati miti mingine imebaki mifupa. Mitaa mizima ikapandwa. Baada ya miaka 15 au 20 matawi yake, yaliyobanana kwa pembe finyu, yalianza kupasuka vipande. Tena mti ulioaminika kuwa hauzai ukachavushwa na aina nyingine za mpea huohuo, ndege wakala matunda, na vichaka vya miiba vikaota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Mwezi wa Januari 2023 Ohio ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku kuuuza. Majimbo mengine yamefuata.

Kichaka kinachoitwa Euonymus alatus, chenye wekundu unaokaribia waridi, kina hadithi ya aina hiyo, kadhalika mmepo wa Norway. Massachusetts na New Hampshire zimekataza kuuzwa kwa vyote viwili. Ukivikuta vinauzwa kwa bei nafuu jimbo jingine, usidhani umepata bahati. Na miti ya eshi, yenye njano na zambarau nzuri, inakufa kwa mamilioni tangu mdudu wa kijani kutoka Asia agunduliwe Michigan mwaka 2002. Kuipanda leo ni kujinunulia gharama ya kuikata.

Shimo

Wengi huua mti siku ya kuupanda, na wengi wa hao wameupanda chini mno. Tafuta mahali shina linapopanuka kuanza mizizi. Pale panatakiwa paonekane juu ya udongo baada ya kumaliza. Shimo lisizidi kina cha bonge la mizizi, bali upana wake uwe mara mbili au tatu ya bonge hilo. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu inyooshe au ikate, maana ikiachwa itakuja kulikaba shina. Rudisha udongo uleule uliouchimba. Tandaza matandazo ya vipande vya gome, sentimita tano hadi kumi, na uyaache mbali na shina. Yale marundo ya matandazo yanayolundikwa shinani kama kichuguu, utakayoyaona kwenye kila maegesho ya maduka, huozesha gome.

Mwagilia kwa kina kila wiki mvua isiponyesha, miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kiu ya Agosti huonekana Oktoba. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache kando: huchelewesha kijani kuondoka, na baridi huukuta mti haujajiandaa.

Kuiingiza rangi ndani

Kupamba nyumba kwa majani kunategemea jambo moja ambalo wauza mapambo hawalitaji. Wakati rangi inabadilika, mti unajenga tabaka la kukatia mahali kikonyo kinapoungana na tawi. Tabaka likikamilika, jani hudondoka kwa kuguswa. Ndiyo maana tawi zuri kuliko yote, lililoiva rangi, ukiliweka kwenye chombo cha maji leo, kesho majani yote yako mezani. Kata tawi wakati nusu ya majani yake ndiyo yameanza kubadilika. Likate asubuhi kwa mkasi mkali wa kupogolea, mkato wa mshazari, liingize majini mara moja, na uliweke mbali na bomba la joto. Litakaa siku kadhaa, pengine wiki. Chagua matawi yanayosuguana au yanayoelekea ukutani; kwa namna hiyo unapogoa mti huku unapamba meza. Tawi moja refu kwenye chombo chenye shingo nyembamba hutosha. Wapangaji wa maua wa Japani hulijua hilo: tawi la mmepo peke yake, lenye nafasi tupu pembeni, husema zaidi ya fungu zima.

Anayetaka tawi la kudumu atumie gliserini, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya moto. Ponda kidogo ncha ya tawi, lisimamishe humo wiki mbili au tatu. Udongo uwahi ungali maji: tawi likatwe likiwa bado linanyonya, yaani kabla halijageuka rangi. Matokeo yake ni majani laini ya rangi ya shaba na kahawia, yanayokaa miaka. Mialoni hufaa sana kwa kazi hii. Nyekundu ya mmepo haihifadhiki kwa njia hiyo, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia rangi ya dukani.

Jani mojamoja ni rahisi zaidi. Liokote siku kavu, lilaze katikati ya karatasi zisizo na nta ndani ya kitabu kizito, na usiliguse kwa wiki mbili au tatu. Au lichovye kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya maji ya moto, kisha ulitundike likauke. Nta huliziba jani na kulifanya ling'ae, nalo hutunza rangi yake majuma mengi. Adui wa rangi ni mwanga, hasa kwa nyekundu. Pambo lililo dirishani penye jua hupauka kwanza. Lipeleke kwenye ukumbi wa kuingilia, au lipange juu ya sinia la shaba, ambapo njano ya mginko na nyekundu ya mtupelo hupata metali inayopatana nazo. Mshumaa usiwekwe karibu na majani makavu.

Tahadhari mbili kabla hujaenda kuokota porini. Kuna mtambaazi wa sumu wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, ambao hugeuka mwekundu mzuri mapema kuliko mimea mingi. Mafuta yake huwasha ngozi hata jani likiwa limekauka, na moshi wake ukichomwa hudhuru mapafu. Mfundishe mtoto kuhesabu vijani kabla ya kuchuma. Ya pili ni mtambaazi wa Asia, Celastrus orbiculatus, wenye matunda ya njano na mekundu, ambao watu husokotea mashada ya mlangoni. Ndege hula matunda hayo, na msimu mmoja wa pambo lako huwa miaka ya kazi kwa mwenye msitu wa jirani.

Kurudi kitaluni

Nenda basi Oktoba, siku ya kazi ambapo watu ni wachache, ukiwa na vipimo vya uwanja wako, namba ya kanda yako na majibu ya kipimo cha udongo. Tembea katikati ya miche huku ukiitazama dhidi ya jua. Ukiona unayoipenda, muulize muuzaji mambo matatu. Mche huu una jina la aina yake, au umetokana na mbegu? Utakuwa na upana gani baada ya miaka 20? Na sheria ya jimbo hili inasema nini kuuhusu? Anayeijua kazi yake atakujibu bila kubabaika, na pengine atakupunguzia bei, kwa kuwa vitalu vingi hupenda kupunguza mali kabla ya baridi. Udongo bado una joto, mizizi itaendelea kukua mpaka ardhi igande, na mti utakuwa umetangulia msimu mzima mbele ya ule ambao jirani yako ataununua Mei kwa kutazama picha. Asiyeweza kukujibu, muage kwa heshima uende kitalu kingine. Mti huu utautazama kila siku, na huenda wajukuu wako pia. Safari moja zaidi si gharama.